Kuuinua mji uliodharauliwa: mwongozo wa kazi kwa meya mpya na timu yake

Mji ukishapewa jina baya, jina hilo huingia kwenye hesabu. Benki hupandisha riba, mwenye kiwanda huuliza mara mbili kisha akaenda mji wa jirani, mhandisi mzuri huomba uhamisho. Dharau ya watu wa nje inauma, lakini ya ndani ndiyo inayogharimu zaidi: mkazi ameacha kuripoti taa iliyozimika kwa sababu hajawahi kujibiwa, na mfanyakazi wa halmashauri halioni tena shimo analolikwepa kila asubuhi.

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano wenye sababu. Kwanza fedha, kisha kuhesabu, kisha ahadi ndogo zenye tarehe. Baada ya hapo kodi, majengo na miradi. Viongozi wengi huanzia mwisho, kwenye mradi mkubwa, halafu hushangaa wakazi wakiupuuza. Mtu ambaye taka zake hazijazolewa wiki tatu hawezi kukuamini ukimwonyesha mchoro wa uwanja mpya.

Hatua ya 1: Jua fedha iliyopo (siku 30 za kwanza)

Usianze kwa kusoma bajeti. Bajeti inaeleza nia. Wewe unatafuta fedha taslimu. Mwombe mweka hazina vitu vitano, kwa maandishi, ndani ya wiki moja:

- salio la kila akaunti ya benki, pamoja na zile zilizolala;
- orodha ya wadai wote, kila deni na umri wake;
- makato ya wafanyakazi ambayo hayajapelekwa kwenye mifuko ya pensheni na mamlaka ya kodi;
- mikataba inayoendelea, kiasi kilicholipwa na kilichobaki;
- kesi zilizopo mahakamani na kiasi kinachodaiwa katika kila moja.

Kisha tengeneza jedwali la wiki 13: fedha zinazotarajiwa kuingia, zinazotakiwa kutoka, na salio la Ijumaa ya kila wiki. Lisahihishe kila Jumatatu. Jedwali hili moja litakuonyesha wiki ambayo mishahara itakwama, miezi miwili kabla haijakwama.

Kosa linaloangusha halmashauri nyingi hapa ni kuazima ruzuku yenye masharti, tuseme fedha ya vyoo vya shule, ili kulipa mishahara, kwa matumaini ya kuirudisha. Hairudi. Mkaguzi akifika, mji unakosa ruzuku ya mwaka unaofuata. Ukiikuta hali hiyo, itangaze kwenye baraza la madiwani mwezi wa kwanza, pamoja na ratiba ya kurejesha. Ukinyamaza miezi sita, deni linakuwa lako.

Hatua ya 2: Uhesabu mji kwa miguu

Gawa mji katika vipande vya mtaa vya mita 500 hivi. Kila kipande kipewe watu wawili, mmoja akitazama kulia na mwingine kushoto, wakiwa na fomu moja. Safu za fomu ziwe chache: namba ya kitu, aina yake (taa, shimo, mfereji, jengo tupu, kiwanja kitupu, kizimba cha taka), hali yake kwa alama 1 hadi 4, na picha. Kipande kimoja huchukua dakika 40 hadi saa moja.

Pita mara tatu: mchana, usiku kwa ajili ya taa, na ndani ya saa mbili baada ya mvua. Pito la mvua ndilo linalofundisha zaidi, maana utaona maji yanakoanzia kusimama, na karibu kila shimo la barabara lina dimbwi lililolizaa.

Jengo tupu lina dalili zake: mita ya umeme haizunguki, majani yameota mlangoni, karatasi zimerundikana chini ya kizingiti. Zikiwapo dalili mbili, liandike. Ikiwapo moja tu, muulize jirani.

Mambo mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni kuhesabu ukiwa ndani ya gari. Utapitwa na mifereji na vichochoro. La pili ni kuacha nguzo bila namba. Piga kila nguzo ya taa namba kwa rangi, kwa kimo cha macho, ili mkazi anayepiga simu aseme "nguzo 412" badala ya "ile ya karibu na kona". Timu nyingine irudie kimoja kati ya vipande kumi bila kuona fomu za kwanza. Alama zikitofautiana sana, wafundishe watu upya kabla hujaendelea.

Hatua ya 3: Chagua ahadi mbili, zipe tarehe

Chagua huduma mbili tu ambazo kila mkazi anaziona bila kuambiwa: taa na taka, au mashimo na mifereji. Baltimore, mji wa Marekani, ilipoahidi kuziba shimo ndani ya saa 48 baada ya kuripotiwa, ahadi hiyo iliweza kupimwa na mtu yeyote mwenye saa mkononi. Ahadi ya namna ya "kuboresha barabara" haipimiki, kwa hiyo haijengi imani.

Detroit, nayo ya Marekani, ina somo zuri la taa. Mji huo ulipoomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Julai 2013, taa zake kama asilimia 40 zilikuwa haziwaki. Hawakujaribu kufufua mfumo wote wa zamani wenye taa zipatazo 88,000. Waliweka taa za LED kama 65,000 na kumaliza mwishoni mwa 2016. Walitumia pia nyaya za alumini badala ya shaba, kwa kuwa wezi walikuwa wakiifuata shaba. Mji uliopungua watu uwe na taa chache zinazowaka kuliko nyingi zilizokufa.

Kwa mashimo, msimamie fundi mwenyewe angalau mara moja ujue kazi nzuri inavyofanana. Kingo hukatwa wima, shimo likawa na pembe nne. Maji, vumbi na vipande vilivyolegea huondolewa mpaka chini. Kingo na sakafu hupakwa lami nyembamba ya majimaji ili lami mpya ishike. Lami hujazwa kwa tabaka zisizozidi sentimita 5 hadi 7, kila tabaka likishindiliwa, na la juu huachwa limeinuka milimita chache kwa kuwa magari yataendelea kulishindilia. Shimo la sentimita 60 kwa 60, kina cha sentimita 8, hula kama kilo 65 hadi 70 za lami na huhitaji tabaka mbili. Ukiona ankara ya lori zima kwa mashimo kumi ya ukubwa huo, uliza.

Kiraka kinachomwagwa kwa koleo kwenye shimo lenye maji na kupigwapigwa kwa mgongo wa koleo hakimalizi msimu wa mvua. Na hata kiraka bora kitang'oka kama mfereji wa pembeni umeziba. Zibua mfereji kwanza, wiki moja kabla.

Anza na kiasi unachokiweza. Kama kikosi kinaziba mashimo 12 kwa siku, ahidi 8. Ahadi ya kwanza ikivunjika, itakuchukua mwaka kusikilizwa tena.

Hatua ya 4: Mkutano wa namba kila wiki mbili

Mwaka 2000, chini ya Meya Martin O'Malley, Baltimore ilianzisha mfumo ulioitwa CitiStat: kila mkuu wa idara alikaa mbele ya meya na wasaidizi wake mara moja kwa wiki mbili, takwimu za idara yake zikiwa ukutani. Hauhitaji programu ya gharama. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha, na mchambuzi mmoja asiyetoka katika idara inayohojiwa.

Kila idara ilete namba sita: malalamiko mapya, yaliyofungwa, yaliyo wazi, lalamiko kongwe lina siku ngapi, saa za ziada zilizolipwa, na siku za utoro. Saa za ziada na utoro hueleza mengi. Idara ambayo watu hawaji Jumatatu lakini hulipwa saa za ziada Jumamosi ina msimamizi wa kuzungumza naye.

Jihadhari na wastani. Mashimo tisa yakizibwa kwa siku mbili na moja likakaa siku 90, wastani utasema karibu siku 11, namba ambayo haimhusu mkazi hata mmoja. Panga siku zote kwa mfuatano, taja ile ya katikati (hapa ni 2), kisha taja ile kongwe (90) na sababu yake.

Mkutano huu hufa kwa njia moja kubwa: ukigeuka mahakama, watu huanza kupika takwimu. Malalamiko yatafungwa kwenye kompyuta huku shimo likiwa wazi barabarani. Dawa yake ni rahisi, na usiiache hata wiki moja: mchambuzi achague kwa bahati nasibu malalamiko 20 yaliyofungwa na awapigie simu walioyaleta. "Taa yako inawaka?" Kama watu watatu kati ya 20 wanasema hapana, hilo ndilo jambo la kwanza la mkutano ujao.

Maamuzi yaandikwe palepale, kila moja na jina la mtu mmoja na tarehe moja. "Idara itashughulikia" lisikubaliwe.

Hatua ya 5: Mapato, na kodi ya majengo kwanza

Mji wenye imani ndogo hauanzi kwa kupandisha viwango. Mfuatano ni huu: kamilisha daftari la majengo, toa ankara sahihi, kusanya, na mwisho kabisa jadili viwango. Katika miji mingi iliyodorora kiwango si tatizo. Nusu ya majengo hayamo kwenye daftari, na mwenye nyumba ndogo anakaribia kulipa sawa na mwenye ghorofa.

Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, ilianza mageuzi ya namna hii mwaka 2020. Badala ya kungoja wathamini wachache wapite nyumba kwa nyumba kukadiria bei ya soko, walitumia picha za setilaiti na mfumo wa pointi: ukubwa wa jengo, kuta, paa, barabara inayolifikia, huduma zilizo karibu. Mwenye nyumba akilalamika, anaonyeshwa pointi zake moja baada ya nyingine na zile zenye makosa husahihishwa. Kinachofaa kuigwa hapo ni kwamba mlipaji anaielewa hesabu yenyewe.

Mambo ya kuzingatia unapokusanya:

Ondoa fedha taslimu mikononi mwa wakusanyaji. Malipo yaende benki au kwa simu, na risiti itoke papo hapo.

Ruhusu awamu nne. Fundi au mjane anayeshindwa kulipa mara moja anaweza kulipa kidogo kila robo mwaka.

Toa orodha ya wadaiwa 100 wakubwa na uanze nao. Mara nyingi utakuta humo taasisi za serikali, hoteli na ndugu wa madiwani. Ukianza na wauza mboga, kila mtu atajua ujasiri wako unaishia wapi.

Malimbikizo ya zamani yatenganishe na deni la mwaka huu. Toa miezi michache ya kulipa deni la zamani bila faini, mara moja tu. Ukirudia msamaha, watu watajifunza kusubiri unaofuata.

Kila ankara iwe na mistari mitatu nyuma yake: fedha ya mwaka jana ilifanya nini, katika kata hiyo hiyo. Antanas Mockus alipokuwa meya wa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, mwaka 2002 aliwaomba wakazi waongeze asilimia 10 kwa hiari juu ya kodi yao, na zaidi ya watu 60,000 wakalipa. Ombi kama hilo lingeangukia pua katika mji ambao haujaona taa hata moja ikirudi, na ndiyo maana hatua hii ni ya tano.

Hatua ya 6: Majengo matupu

Panga majengo uliyoyahesabu katika makundi matatu: la kubomoa, la kukarabati, la kulinda. Mhandisi aamue kwa paa, msingi na kuta zinazobeba. Muonekano wa nje hudanganya.

South Bend, Marekani, ilijiwekea mwaka 2013 lengo la kushughulikia nyumba 1,000 kwa siku 1,000 na ikalifikia kabla ya muda. Lengo lenye namba na tarehe lilizifanya idara ziende pamoja. Lakini mpango huo ulilalamikiwa vilevile, hasa kwa faini zilizowaangukia wakazi wa kipato kidogo waliokuwa wakijaribu kutengeneza nyumba zao polepole. Kabla ya faini, tuma mtu agonge mlango. Mwenye kampuni ya majumba aliye mbali anastahili faini. Bibi aliyerithi nyumba anahitaji mpango wa matengenezo na muda.

Ukibomoa, kata maji na bomba la majitaka kule barabarani na uyazibe, pima asbesto (nyuzi za madini zilizotumika zamani kwenye mapaa, ambazo vumbi lake hudhuru mapafu) kabla mashine haijagusa paa, toa msingi, jaza udongo na ushindilie. Wakandarasi hupenda kufukia kifusi humo humo. Miaka miwili baadaye ardhi inatitia na hakuna anayetaka kujenga juu yake. Tenga pia fedha ya kufyeka majani kila mwaka, la sivyo umebadilisha jengo bovu kwa kichaka.

Kwa kundi la kulinda, Leipzig, mji wa Ujerumani, ilionyesha njia ya bei nafuu. Wasanii na mafundi waliruhusiwa kutumia majengo ya zamani bila kodi ya pango ya kawaida, wakigharimia matumizi yao na kuyatunza, huku mwenye mali akibaki mwenye mali. Mkataba wa namna hii utaje nani anaziba paa, nani analipa bima, na unavunjwa kwa notisi ya miezi mingapi. Paa na maji vitangulie. Rangi inaweza kungoja.

Na kama mji umepungua, ukubali. Youngstown, katika Ohio, ilikuwa na watu 170,000 mwaka 1930 na kama 82,000 mwaka 2000. Mpango wake wa 2005 ulisema wazi kwamba mji utakuwa mdogo na unatakiwa kuwa mzuri kwa udogo wake. Kukiri hivyo kunauma kisiasa, lakini kunakuokoa usitandaze mabomba kuelekea mitaa isiyo na watu.

Hatua ya 7: Mtaa mmoja uonekane

Fedha kidogo ikisambazwa kata zote haionekani popote. Chagua mtaa mmoja ambao wakazi wa tabaka zote hupita, mita 300 hadi 600, na ufanye kila kitu hapo: taa, mfereji, njia ya miguu, vivuli, vyoo.

Jaime Lerner, meya wa Curitiba nchini Brazili, aliufunga mtaa mkuu wa mji huo kwa magari mwaka 1972, kazi ikafanyika wikiendi moja, kabla pingamizi halijasimama. Edi Rama, meya wa Tirana, mji mkuu wa Albania, kuanzia 2000, aliondoa vibanda haramu kandokando ya mto Lana na kuzipaka rangi kali kuta za maghorofa ya kijivu. Rangi ilikuwa nafuu na ilionekana na kila mtu siku hiyo hiyo.

Tungekushauri uige kasi ya Curitiba kwa vifaa vinavyohamishika: mapipa ya miti, viti, vizuizi vya plastiki, kwa majaribio ya siku 60. Hesabu wapita njia kwa muda wa saa moja, asubuhi, mchana na jioni, siku moja ya kazi na siku ya mapumziko, kabla na baada. Hesabu pia milango ya maduka iliyo wazi. Wenye maduka watakuja na hofu ya kukosa wateja wa magari, na hofu hiyo haijibiwi kwa hotuba. Ijibiwe kwa namba zako.

Wachuuzi wasiondolewe kabla eneo jipya halijawa na maji, choo, taa na wapita njia. Ukiwapeleka mahali pasipo na watu, baada ya wiki mbili watarudi, na watakuwa na haki ya kurudi.

Hatua ya 8: Waachie wakazi kipande cha bajeti

Porto Alegre, nchini Brazili, ilianza bajeti shirikishi mwaka 1989 na njia hiyo imeenea duniani. Inafanya kazi kwa masharti matatu: kiasi kitangazwe kabla ya mikutano, mhandisi akadirie gharama ya kila pendekezo kabla ya kura, na kilichochaguliwa kianze kujengwa ndani ya mwaka. Ukikosa la tatu, afadhali usianze.

Hatua ya 9: Mradi mkubwa, ikiwa bado unauhitaji

Wengi huitaja Bilbao, mji wa Hispania, kwa jumba la makumbusho la Guggenheim lililofunguliwa 1997, kana kwamba jengo moja liliufufua mji. Usafishaji wa mto ulikuwa umeanza miaka mingi kabla, metro (treni ya mjini) ilifunguliwa 1995, na chombo cha kusimamia ardhi ya bandari na reli, Bilbao Ría 2000, kiliundwa 1992. Jumba lilikuja juu ya kazi hiyo.

Medellín, nchini Kolombia, nayo ilifungua mwaka 2004 gari la kamba linalounganisha mitaa ya mlimani na metro, kazi iliyobadilisha safari za kila siku za watu waliokuwa wametengwa. Lakini maktaba ya España, iliyozinduliwa huko huko juu mwaka 2007 na kupigwa picha dunia nzima, ilikuja kufungwa kwa miaka kadhaa kwa hitilafu za ujenzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla baraza halijapitisha jengo lolote, litake jibu la maandishi: asilimia 2 hadi 4 ya thamani ya jengo, kila mwaka, kwa matengenezo, itatoka katika kifungu gani? Kama hakuna kifungu, punguza jengo.

Hatua ya 10: Kuutangaza mji na kukabidhi

Nembo mpya na kaulimbiu vinaweza kusubiri. Mwekezaji wa kawaida anataka ukurasa mmoja: kibali cha ujenzi hutoka kwa siku ngapi (siku halisi za vibali 50 vya mwisho, siyo zilizoandikwa kwenye sheria), viwanja vipi vina hati safi, maji na umeme vinafika wapi, na nani wa kumpigia simu. Pima siku hizo kila robo mwaka na uzichapishe hata zikiwa mbaya.

Faili la makabidhiano lianze mwaka wa pili wa muhula, usingoje mwezi wa mwisho. Liwe na jedwali la wiki 13 la sasa, daftari la majengo na tarehe lilipohakikiwa, namba za nguzo, orodha ya ahadi zilizotimizwa na zilizovunjwa pamoja na sababu, mikataba yenye tarehe za kuisha, na nywila za mifumo ndani ya bahasha iliyofungwa kwa mkurugenzi. Nakala isiyo na bahasha hiyo iwekwe maktaba ya mji, mahali ambapo mkazi yeyote anaweza kuiomba na kuisoma.